Shajara ya mradi: mwongozo wa Kiswahili wa bendera za GFP katika Linux 6.12

Juma la 1: mipaka ya kazi

Lengo ni moja: mwandishi wa kiendeshi akifika kwenye hoja ya mwisho ya kmalloc(), fanksheni ya kuomba kumbukumbu ndani ya kerneli (kiini cha Linux), ajue aandike nini bila kunakili kutoka faili la jirani. Hoja hiyo ndiyo bendera ya GFP (get free pages). Toleo tulilolishika ni 6.12, la Novemba 2024. Chanzo kikuu ni include/linux/gfp_types.h. Hadi mwaka 2022 maelezo haya yalikuwa ndani ya gfp.h, na makala nyingi za zamani bado zinampeleka msomaji huko. Vyanzo vya pembeni ni mm/page_alloc.c, ambako bendera zinatekelezwa, na Documentation/core-api/memory-allocation.rst, ambako zinaelezwa kwa ufupi mno.

Uamuzi wa kwanza: thamani za biti hazitachapwa kwenye mwongozo kana kwamba ni za kudumu. Ushahidi ni GFP_ATOMIC yenyewe. Kwenye kerneli za 3.x ujumbe wa kushindwa kugawa ulionyesha mode:0x20. Kwenye 5.x ulionyesha mode:0xa20. Tangu 6.3, __GFP_ATOMIC ilipofutwa, unaonyesha mode:0x820. Jina ni lilelile, namba tatu tofauti. Hata biti 0x200 iliyoachwa wazi bado imo kwenye orodha ya 6.12, imeandikwa kuwa haitumiki. Anayesoma logi ya seva asome jina lililo ndani ya mabano baada ya namba. Jina hilo limekuwa likichapwa tangu 4.6, kwa hiyo kwenye kerneli ya zamani zaidi ya hapo hakuna budi kufungua gfp.h ya toleo lenyewe na kuhesabu kwa mkono.

Juma la 2: tuyaite nini

Neno "bendera" limezoeleka, litabaki kwenye kichwa cha mwongozo. Ndani ya maelezo halitoshi, kwa sababu linamfanya msomaji adhani anachagua aina ya kumbukumbu. Ukifungua GFP_KERNEL unakuta __GFP_RECLAIM (jina la pamoja la __GFP_DIRECT_RECLAIM na __GFP_KSWAPD_RECLAIM), __GFP_IO na __GFP_FS. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotaja kumbukumbu ya aina yoyote. Zote zinasema mgawaji ameruhusiwa kufanya nini ili kumpatia mwitaji kurasa: kumlaza (kumsimamisha asubiri), kuandika diskini, kuingia kwenye msimbo wa mfumo wa faili.

Basi tumezigawa mafungu matatu kwa majina yetu wenyewe.

Vibali: __GFP_DIRECT_RECLAIM, __GFP_KSWAPD_RECLAIM, __GFP_IO, __GFP_FS, __GFP_HIGH, __GFP_MEMALLOC. Biti ikiwepo, mgawaji ana ruhusa. Ikikosekana, hana.

Maagizo: __GFP_ZERO, __GFP_NOWARN, __GFP_NORETRY, __GFP_RETRY_MAYFAIL, __GFP_NOFAIL, __GFP_ACCOUNT, __GFP_COMP. Hizi zinamwambia mgawaji afanye au asifanye jambo fulani.

Maeneo: __GFP_DMA, __GFP_DMA32, __GFP_HIGHMEM, __GFP_MOVABLE, __GFP_THISNODE. Hapa tu ndipo swali linakuwa "kumbukumbu ipi".

Mpangilio huu hauendani na vichwa vya kwenye chanzo. Tumeupendelea kwa sababu kosa linalojirudia ni mtu kuomba kibali asichokuwa na haki ya kukitoa. Mwitaji aliyeshika spinloki (kufuli ambalo aliyelishika haruhusiwi kulala) hana usingizi wa kumpa mtu ruhusa.

Istilahi nyingine zilizokubaliwa: kukomboa kurasa ni kazi ya kurudisha kurasa zinazotumika ziwe huru, daraja ni kipimo cha mafungu ya kurasa, yaani daraja 0 ni ukurasa 1, daraja 3 ni kurasa 8, kina ni kiwango cha kurasa huru ambacho eneo likishuka chini yake mambo hubadilika. Vina vikuu viko vitatu, na /proc/zoneinfo inavionyesha kama min, low na high.

Tahadhari iliyoingia kwenye ukurasa wa kwanza kabisa: __GFP_HIGH na __GFP_HIGHMEM si ndugu. Ya kwanza ni kipaumbele, kibali cha kuchota akiba. Ya pili ni eneo la mashine za biti 32, kumbukumbu iliyo juu ya MiB 896 kwenye x86. Na GFP_ATOMIC haifanyi kitu chochote kuwa atomiki. Inaeleza hali ya mwitaji, basi.

Juma la 3: maabara

Mashine pepe ya QEMU ya x86_64, kerneli ya 6.12 iliyojengwa na CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP, CONFIG_PROVE_LOCKING, CONFIG_FAILSLAB, CONFIG_FAIL_PAGE_ALLOC na CONFIG_FAULT_INJECTION_DEBUG_FS. Moduli ndogo ya majaribio inapokea ukubwa na bendera kupitia debugfs, inaita kmalloc() au alloc_pages(), inarudisha matokeo.

Mashine ya kwanza ilipewa MiB 512, na jaribio la maeneo likatoa jibu la kupotosha: /proc/buddyinfo ilionyesha DMA na DMA32 peke yake. Si hitilafu. Kwenye x86_64 eneo la DMA ni MiB 16 za mwanzo, DMA32 ni hadi GiB 4, na Normal huanzia hapo. Mashine yenye MiB 512 haina kinachobaki cha kuitwa Normal. Majaribio ya maeneo sasa yanafanyika kwa GiB 6; majaribio ya uhaba yanabaki kwenye 512, maana huko uhaba unakuja upesi.

Kufuatilia: andika 1 kwenye /sys/kernel/tracing/events/kmem/kmalloc/enable, kisha soma trace_pipe. Kila mstari unataja aliyeita, baiti zilizoombwa (bytes_req), zilizotolewa (bytes_alloc) na bendera kwa majina. Msomaji ataona pia kwamba aliyeomba baiti 130 amepewa 192, na aliyeomba 600 amepewa 1024. Tumeiacha kwenye mwongozo ingawa si mada, kwa kuwa hakuna anayeiamini mpaka aione.

Juma la 4 na la 5: GFP_KERNEL, GFP_ATOMIC, GFP_NOWAIT

Jaribio la msingi:

spin_lock_irqsave(&kufuli, f);
p = kmalloc(64, GFP_KERNEL);
spin_unlock_irqrestore(&kufuli, f);

Kwenye kerneli isiyo na CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP, msimbo huu kwa kawaida hupita kimya. Slabu (ghala la vipande ambavyo kmalloc() hutoa) ina kipande tayari, hakuna haja ya kulala, kielekezi kinarudi. Hatari inabaki imejificha mpaka siku kurasa zikauke, na siku hiyo itakuwa kwa mteja, si kwenye meza ya mwandishi. Ukiwasha CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP, jaribio la kwanza tu linatoa "BUG: sleeping function called from invalid context". Sababu ni might_alloc(), ambayo tangu 5.11 inakagua kibali chenyewe: ukiwa umetoa __GFP_DIRECT_RECLAIM, unahesabiwa kuwa umekubali kulala, iwe utalala safari hii au la.

Njia ya mkato tunayoikataza kwa herufi nzito:

p = kmalloc(n, in_atomic() ? GFP_ATOMIC : GFP_KERNEL);

Bila CONFIG_PREEMPT_COUNT, yaani hesabu ya sehemu ambamo mchakato hauruhusiwi kukatizwa, in_atomic() haioni spinloki iliyoshikwa. CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP yenyewe huwasha hesabu hiyo. Kwa hiyo msimbo unafanya kazi vizuri kwenye kerneli ya majaribio na unavunjika kwenye kerneli ya kazi, yaani kinyume kabisa cha tunachotaka. Anayejua kama kulala kunaruhusiwa ni mwitaji. Fanksheni inayoitwa kutoka pande zote mbili ipokee gfp_t kama hoja na kuipitisha chini.

Sehemu ya akiba ilichukua siku nyingi kuliko tulivyopanga, kwa sababu maelezo mengi yanasema tu kwamba GFP_ATOMIC "inatumia akiba ya dharura" na kuishia hapo. Kiasi gani? Jibu limo kwenye __zone_watermark_ok() ndani ya mm/page_alloc.c. Mwenye __GFP_HIGH anaruhusiwa kushuka hadi nusu ya kina cha min. Akiwa pia hana kibali cha kulala, robo ya nusu iliyobaki inaondolewa tena. Kwa hesabu: min ikiwa kurasa 1,000, GFP_KERNEL hugoma kwenye 1,000, __GFP_HIGH yenye usingizi hushuka hadi 500, GFP_ATOMIC hadi 375. (Kuna pia akiba ya kila eneo kwa ajili ya maeneo ya chini, lowmem_reserve, ambayo huongezwa juu ya kina, mfano huu umeiacha makusudi.)

GFP_NOWAIT nayo hailali, lakini haina __GFP_HIGH, hivyo akiba hiyo haigusi. Hapa ndipo watu wanapochanganya. Mtu anaandika GFP_ATOMIC kwa sababu "hailali", ilhali alichohitaji ni GFP_NOWAIT kwa kuwa ana njia mbadala endapo atakosa. Kila GFP_ATOMIC isiyo ya lazima inachota kwenye ghala ambalo kiendeshi cha mtandao kitalihitaji pakiti zitakapofurika. Kanuni iliyoingia: ukiwa na mpango wa pili, GFP_NOWAIT, kushindwa kukiwa na maana ya kupoteza data au kifaa kukwama, na kulala hakuwezekani, GFP_ATOMIC. Kwenye 6.12 GFP_NOWAIT inabeba __GFP_NOWARN ndani yake, kwa hiyo usitarajie ujumbe kwenye dmesg (logi ya kerneli) ikishindwa.

Dokezo la mwisho la sehemu hii: GFP_ATOMIC haiendi kila mahali. Ndani ya NMI (ukatizaji usiozuilika) hairuhusiwi, na chini ya raw_spin_lock vilevile, kwani kwenye kerneli ya PREEMPT_RT (ya muda halisi) makufuli ya ndani ya mgawaji yenyewe ni ya kulala. PREEMPT_RT imeingia kwenye mkondo mkuu katika 6.12 hiihii, hivyo jambo hili halihusu tena viraka vya pembeni. Dawa ni kugawa kabla ya kushika kufuli.

Juma la 6: GFP_NOFS na GFP_NOIO

Sehemu ngumu kueleza, na ndiyo inayonakiliwa vibaya kuliko zote. Tumeanza na mkwamo wenyewe, hatua kwa hatua. Mfumo wa faili umefungua muamala na umeshika kufuli lake. Unaomba kumbukumbu kwa GFP_KERNEL. Kurasa hazipo, mgawaji anaanza kukomboa akiwa ndani ya mchakato uleule. Anaita visafishaji vya inodi (rekodi za faili). Kusafisha inodi kunataka muamala mpya kwenye mfumo wa faili uleule. Kufuli limeshikwa na nani? Na mwombaji mwenyewe, anayesubiri kurasa. Hakuna atakayemwamsha mwenzake.

GFP_NOFS inaondoa kibali cha __GFP_FS: komboa, andika diskini ukihitaji, lakini usiingie kwenye mfumo wa faili. GFP_NOIO inaondoa na __GFP_IO pia, kwa ajili ya msimbo wa tabaka la diski, ambao ukisubiri kurasa ziandikwe unajisubiri wewe mwenyewe.

Tulipoandika rasimu ya kwanza tulishauri "weka GFP_NOFS ndani ya msimbo wa mfumo wa faili". Ushauri huo umefutwa, kwa sababu tatu.

Kwanza, GFP_NOFS ina gharama. Mgawaji aliyenyimwa __GFP_FS hana ruhusa ya kugusa sehemu kubwa ya kache za inodi na dentri (majina ya faili), na muuaji wa OOM (sehemu ya kerneli inayoua mchakato kumbukumbu inapoisha) hachukui hatua kwa ombi lisilo na __GFP_FS. Mwombaji anabaki akizunguka, akitegemea mtu mwingine akomboe.

Pili, bendera haifiki kila pembe. vmalloc(), mgawaji wa kumbukumbu kubwa ya kurasa zisizofuatana, hugawa majedwali ya kurasa ndani yake kwa GFP_KERNEL. Kwa miaka mingi aliyeita na GFP_NOFS alidhani analindwa, na hakulindwa.

Tatu, msomaji wa msimbo hajui kwa nini iliwekwa. Hakuna anayethubutu kuiondoa, na inaenea kwa kunakiliwa.

Njia sahihi, iliyopo tangu 4.12, ni kuweka alama pale hatari inapoanzia:

unsigned int f = memalloc_nofs_save();
/* hapa kufuli la muamala limeshikwa */
p = kmalloc(n, GFP_KERNEL);
memalloc_nofs_restore(f);

Ndani ya eneo hilo kila ombi la mchakato huu, hata lile lililozikwa ndani ya fanksheni ya maktaba, linapoteza __GFP_FS. Kwa diski kuna memalloc_noio_save(), iliyotangulia, tangu 3.9. Maoni ya msimbo yanaandikwa kwenye _save, yakitaja kufuli ni lipi. Kusahau _restore ni kosa linaloumiza polepole: mchakato unabaki na alama ya PF_MEMALLOC_NOFS na ukombozi wake unadhoofika hadi ufe. Thamani iliyorudishwa na _save lazima irudishwe ileile, kwa sababu maeneo haya yanaweza kuwekwa moja ndani ya jingine.

CONFIG_PROVE_LOCKING inakamata mikwamo hii bila kusubiri uhaba. Inaichukulia fs_reclaim (kazi ya kukomboa kurasa) kama kufuli, na ikiona kufuli la muamala likishikwa pande zote mbili za fs_reclaim, inapiga kelele kwenye dmesg. Jaribio letu lilihitaji njia zote mbili zipitiwe walau mara moja: upande wa ombi, na upande wa kisafishaji.

Juma la 7: maeneo

Fupi, kwa kuwa ushauri ni mmoja: usitumie. Kiendeshi kinachohitaji anwani za chini kitangaze kikomo chake kwa dma_set_mask_and_coherent() na kigawe kwa dma_alloc_coherent(). GFP_DMA inamaanisha MiB 16 kwenye x86, na kitu kingine kwenye usanifu mwingine.

Mtego mmoja umethibitishwa: kmalloc() yenye GFP_DMA32 haikupi kumbukumbu ya chini ya GiB 4. Hakuna kache za kmalloc za eneo hilo. Slabu inaiondoa biti, inatoa onyo la bendera isiyotarajiwa, na inaendelea. Kwenye mashine ya MiB 512 jaribio lilionekana limefaulu, maana kila kitu kiko DMA32 hata hivyo. Onyo la dmesg ndilo lililotuambia ukweli.

Juma la 8: kushindwa, na jinsi ya kuchagua kushindwa

Jedwali la sehemu hii limeandikwa upya mara tatu. Ugumu uko kwenye daraja. Hadi daraja 3 (PAGE_ALLOC_COSTLY_ORDER, yaani KiB 32 kwa kurasa za KiB 4), GFP_KERNEL karibu haishindwi: mgawaji anarudia, na mwishowe muuaji wa OOM anaitwa. Kuanzia daraja 4 hachinji mchakato wa mtu kwa ajili yako, na NULL ni jambo la kawaida. Tabia hiyo ya madaraja madogo si ahadi. Aliyechaguliwa na OOM kuuawa anaweza kupata NULL hata kwa daraja 0, kwa hiyo ukaguzi wa NULL haukwepeki.

__GFP_NORETRY: jaribu kwa upole, ukikosa rudi upesi, usiue mchakato wa mtu. Inafaa ukiwa na mpango wa pili wa bei nafuu. __GFP_RETRY_MAYFAIL: jitahidi sana, lakini usimwite OOM, na kushindwa kunaruhusiwa. Ilichukua nafasi ya __GFP_REPEAT katika 4.13, na msimbo wenye jina hilo la zamani haukusanyiki tena. __GFP_NOFAIL: usirudi mikono mitupu. Hii haiambatani na GFP_ATOMIC, kwa kuwa asiyelala hawezi kusubiri milele. Na kwa zaidi ya daraja 1 kerneli hutoa onyo. __GFP_NOWARN ni ya kufunika kombe mwanaharamu apite: halali pale tu mpango wa pili upo kwenye mstari unaofuata.

Kwa bafa kubwa isiyohitaji kurasa zinazofuatana, mwongozo unaelekeza kvmalloc(), inayojaribu kmalloc kisha vmalloc, na kvfree(). Ukiipa GFP_ATOMIC na kmalloc ya ndani ikashindwa, unapata NULL. Vmalloc haifanyi kazi kwa asiyelala.

Kujaribu njia za kushindwa kulitupotezea muda mpaka tukasoma vizuri mipangilio ya awali. Kwenye failslab (chombo cha kerneli cha kushindisha maombi kwa makusudi), ignore-gfp-wait ni Y tangu mwanzo, hivyo GFP_KERNEL haiguswi hata ukiweka probability 100. Andika N. Weka task-filter Y na 1 kwenye /proc/self/make-it-fail, la sivyo utaiangusha mashine nzima pamoja na ganda lako. Weka times -1. Kwenye fail_page_alloc, min-order ni 1 tangu mwanzo. Daraja 0 haliguswi mpaka uandike 0. Na __GFP_NOFAIL hailazimishwi kushindwa kamwe, ndivyo ilivyokusudiwa.

Juma la 9: kuingiza kwenye Sphinx

Mwongozo unajengwa kwa Sphinx, programu ya kutengeneza kurasa za hati, ndani ya mti wa kerneli kwa amri ya make SPHINXDIRS=core-api htmldocs, ili maelezo ya chanzo na ya kwetu yakae ukurasa mmoja. Mambo mawili yalikwamisha.

Biti za maeneo zilizo juu ya gfp_types.h zina maoni yanayoanza kwa /* na si /**, hivyo hazitokei kwenye kurasa zilizojengwa. Mafungu mengine matano ya DOC yanatokea. Sehemu yetu ya maeneo imeandikwa yote kwa mkono.

La pili ni la uandishi. Neno linaloishia na mstari wa chini, kama GFP_ likiwa peke yake, Sphinx inalichukulia kuwa kiungo na kulalamika kwamba halijui linakoelekea. Majina yote sasa yako ndani ya alama za msimbo, na kwenye maoni ya C yanatanguliwa na %.

Sehemu ya __GFP_ACCOUNT imeandikwa lakini haijafungwa. Ombi linalosababishwa na programu ya mtumiaji, kama vile muundo mmoja kwa kila faili lililofunguliwa, linapaswa kutumia GFP_KERNEL_ACCOUNT, ili kikomo cha memory.max cha kundi lake (cgroup) kiwe na maana. Jaribio la kawaida limefaulu: mstari wa slab kwenye memory.stat unapanda kadiri moduli inavyogawa. Jaribio kupitia foleni ya kazi linaonyesha kundi la mtumiaji halitozwi chochote, kwa sababu anayegawa ni kworker (mchakato wa kerneli yenyewe), na kworker yuko kwenye kundi la mzizi. Mfano wa set_active_memcg() unaongezwa juma lijalo, pamoja na ukurasa wa PREEMPT_RT.